Moshi wa Eastlands: Vidokezo kwa Mgeni Aliyehamia Karibuni

Umetoka Bukavu, Mwanza, Kampala au Bujumbura. Kazi umepata Viwandani, au duka Eastleigh, au nafasi ya chuo katikati ya jiji, na nyumba umeichukua pale mfuko ulipofika: Kayole, Umoja, Donholm, Dandora, Kariobangi. Miezi ya kwanza mambo ni shwari. Kisha Juni inaingia. Macho yanawasha, koo linakauka, mtoto anakohoa usiku kucha, na kila unayemuuliza anakujibu kwamba ni baridi tu, utazoea.

Baridi ipo kweli, lakini moshi nao upo, na mapafu hayazoei moshi. Ushauri mwingi wanaopewa wageni wa Nairobi umeandikwa kwa ajili ya watu wa Gigiri na Lavington, wenye bustani, madirisha yanayofunga sawasawa na mashine ya kusafisha hewa chumbani. Huku mashariki mwa jiji tunaishi ukuta kwa ukuta, na hewa yetu ni ya pamoja. Jambo moja linatusaidia: moshi wa Eastlands una kwao, na una saa zake. Ukivijua hivyo viwili, mengi utayapanga bila kutoa pesa nyingi.

1. Jifunze majira

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda hata siku nzima na jua hukosa nguvu ya kupasha ardhi. Usiku hewa baridi hulala chini, na ile yenye joto kidogo hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi uliowashwa jana jioni unakukuta hapo hapo asubuhi. Ndiyo maana saa kumi na mbili alfajiri hewa huwa nzito, na saa tisa alasiri, upepo ukishaamka, unaweza kuona majengo ya mbali ambayo asubuhi hayakuwepo.

Januari na Februari tatizo ni vumbi. Udongo wetu mweusi hupasuka kwa ukavu, malori huusaga, na kila bodaboda inayopita hukurushia sehemu yako. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba huisafisha hewa, ingawa taka zilizoloa zikichomwa hutoa moshi mzito kuliko zilizokauka.

2. Jua moshi unatoka wapi

Panda juu ya paa la gorofa yenu jioni moja, mahali wanawake wanapoanika nguo, uangalie pande zote. Utajifunza mengi kwa dakika kumi.

Ukiona wingu la kijivu lisilokoma upande wa Dandora, hilo ni jaa la taka lililofunguliwa mwaka 1975. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka za jiji zikaendelea kumwagwa pale. Moto wake una chanzo zaidi ya kimoja. Taka zinazooza chini kwa chini hutoa gesi inayoshika moto kwa urahisi, na wako pia wanaochoma nyaya na matairi ili wapate shaba na chuma cha kuuza. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hii hii, lilichapisha matokeo ya vipimo vya watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe. Miezi iliyotolewa ikaisha, na malori yakaendelea kuingia. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu waliopimwa wakiwa wadogo mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Upepo wa Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo Korogocho na Kariobangi hupata moshi huo mara nyingi. Usiku upepo ukitulia, kila aliye karibu anagawiwa.

Dandora haibebi lawama zote. Kuna karakana za Kariobangi Light Industries zinazoyeyusha vyuma chakavu kuwa masufuria, kuna viwanda vya upande wa Lunga Lunga, kuna barabara, na kuna rundo dogo la taka nyuma ya ploti yenu ambalo mtu huliwasha usiku watu wakilala. Hilo rundo dogo, kwa kuwa liko mita chache tu kutoka kitandani, linaweza kukudhuru zaidi kuliko jaa lililo kilomita tano.

3. Tafuta nyumba kwa pua

Julai 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walipima chembe laini za moshi, zile zinazoitwa PM2.5, kando ya makutano makubwa ya barabara jijini. Ni chembe ndogo mno: unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu mara 30 ya chembe moja, ndiyo sababu zinapita pua na koo na kuzama hadi ndani kabisa ya mapafu. Upande upepo ulikoelekea, kiwango kilishuka kutoka mikrogramu 128.7 kwa mita ya ujazo hadi 18.7 ndani ya mita 100.

Mita 100! Huo ni mwendo wa dakika moja na nusu kwa miguu. Kwa hiyo kati ya gorofa inayotazamana na Outering Road na ile iliyo safu ya nne ndani ya mtaa, chukua ya ndani, hata kama utatembea zaidi kufika steji. Kodi mara nyingi ni nafuu pia.

Kabla ya kulipa deposti, itembelee nyumba kwa nyakati tofauti: asubuhi mapema, jioni watu wakipika, na usiku saa nne. Angalia kama ina madirisha pande mbili au inapumulia kwenye korido tu. Nyumba nyingi za mitaa ya Pipeline na Tassia zimebanana kiasi kwamba chumba cha chini hakipati hewa wala jua, na moshi wa majiko ya korido hupanda ngazi ukaishia kwa watu wa juu. Chumba chenye roshani ya nje upande wa upepo kinastahili kuongezewa shilingi kidogo. Muulize keateka taka zinakwenda wapi na gari huja siku gani. Akisitasita kujibu, jibu umelipata.

Utajiuliza kwa nini mitaa hii iko ubavuni mwa viwanda na jaa. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu vilima vya magharibi, na wafanyakazi Waafrika ikawapanga huku kwenye tambarare, karibu na reli na viwanda: Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati. Jiji likakua kwa kufuata mchoro huo, na hewa ikagawanyika vivyo hivyo.

4. Fungua na ufunge madirisha kwa saa

Asubuhi mapema na kuanzia machweo, funga. Kati ya saa tano na saa kumi alasiri, fungua kila kitu, anika magodoro, nyumba ipumue. Siku za moshi mzito ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa chenye majimaji.

Sharti moja tu: usifunge kamwe kama kuna moto wa aina yoyote ndani. Hilo linanileta kwenye jambo ambalo naomba ulisome polepole.

5. Usilale na jiko

Kila mwaka baridi ikifika, Nairobi huzika watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Mara nyingi ni familia nzima, na mara nyingi ni watu wageni mjini, wasiojua baridi ya Julai inavyouma katika chumba cha mabati.

Makaa yanayoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Inaposhika damu, damu hushindwa kubeba oksijeni. Wengi hudhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Hapana, hayo mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua, kwa sababu hayakupi onyo lolote. Hata jiko lililofunikwa majivu na kuonekana limezimika linaendelea kutoa gesi hiyo kwa saa kadhaa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu na usingizi mzito. Mkiwa wawili au watatu ndani na nyote vichwa vinauma kwa wakati mmoja, usidhani ni malaria. Fungua mlango, tokeni nje wote, na muende hospitali. Anayeamka baada ya kutolewa bado anahitaji daktari.

Kwa baridi, nenda soko la Gikomba ukanunue blanketi nzito la mtumba na sweta za watoto. Jaza chupa maji ya moto, ikaze vizuri, izungushie soksi, uiweke miguuni. Jiko likimaliza kupika lilale nje, hata kama una hofu litaibiwa.

6. Punguza moshi wa jikoni mwako

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ndio jiko la kwanza la wapangaji wengi huku, na tangu Julai 2023 gesi ya kupikia haitozwi ushuru wa VAT. Jaza kwa muuzaji anayejulikana, mtungi uwe na kizibo chake, upimwe mbele yako. Usivutwe na bei za vichochoroni. Februari 2024 kituo cha gesi kisicho na kibali kililipuka Embakasi, kikaua watu na kuteketeza nyumba na magari.

Mafuta taa ndiyo ya kuacha kwanza. Jiko la utambi hujaza chumba masizi na harufu, na likimwagika huunguza. Kama bado huna gesi, jiko la makaa la udongo ndani na bati nje ni afadhali, mradi liwashwe na kupikiwa nje, penye upepo.

Vyakula vya kuchemka muda mrefu ndivyo vinavyokula makaa. Maharagwe na githeri loweka usiku mzima. Wewe wa Kivu unayetaka sombe yako, yale majani ya muhogo ambayo mama alizoea kuyaacha motoni nusu siku, ipike nyingi Jumamosi alasiri kwenye roshani, uigawe kwenye vikopo. Mwenye stima ya uhakika na sufuria ya presha ya umeme ataipika kwa muda mfupi zaidi na nyumba itabaki bila moshi.

7. Barakoa ni muhimu, lakini ya aina inayofaa

Barakoa ya kitambaa na leso mdomoni huzuia vumbi la barabarani. Chembe laini za moshi hupita. Inayofaa ni N95, KN95 au FFP2, na ifunge pembeni pasiwe na mwanya: ukipuliza usisikie hewa ikipanda machoni. Ndevu ndefu huharibu kazi yake. Haifuliwi. Itumie siku chache, iweke kwenye bahasha ya karatasi, na ikichafuka au kulegea itupe. Ni ya bodaboda, ya kusubiri gari kando ya Jogoo Road asubuhi, na ya siku ile jaa linapowaka sana. Huna haja ya kuivaa alasiri yenye upepo.

8. Safari na mazoezi

Katika foleni, mwombe makanga akuruhusu kiti kisicho karibu na mlango, na ufunge dirisha mnapokuwa nyuma ya lori linalotapika moshi mweusi. Likianza mwendo, fungua. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Yakipita njia yako, yapande.

Kama unakimbia kwa afya, usikimbie Outering Road alfajiri. Unavuta hewa nyingi kuliko aliyesimama, katika saa mbaya kuliko zote. Sogeza mazoezi hadi alasiri, na uingie viwanja vya ndani ya mitaa.

9. Vumbi la sakafuni

Madini ya risasi na masizi hayabaki hewani tu. Hutua sakafuni, kwenye mikeka na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Piga deki kwa kitambaa chenye maji, kwa maana ufagio mkavu hulirudisha vumbi juu. Viatu vibaki mlangoni. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula hata kama inaonekana safi. Sukuma wiki na matunda ya kibandani vioshwe nyumbani, kwa maji yanayotiririka.

10. Maziwa

Utaambiwa unywe maziwa ili yaoshe moshi kifuani. Maziwa huenda tumboni. Kunywa kwa sababu ni chakula kizuri, na kwa mapafu fanya mengine yaliyoandikwa hapa.

11. Kifua kikibana

Mwenye pumu asingoje Juni imkute bila dawa. Inhela ziko za aina mbili kubwa. Moja hufungua kifua papo hapo, mara nyingi ni ya buluu. Nyingine hutumika kila siku kutuliza uvimbe ndani ya mirija hata siku ambayo mtu hajisikii vibaya. Wengi hununua ile ya buluu tu, na shambulio linarudi kila wiki. Muulize daktari kuhusu ile ya kila siku. Na usiwasikilize wanaosema inhela humfanya mtu mtumwa wake.

Kwa mtoto, dawa nyingi huishia ulimini akipuliziwa moja kwa moja. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe na ikauke, toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, uzibe pembeni kwa selotepu. Mtoto aushike mdomo wa chupa kwa midomo yake, umpulizie mara moja, avute pumzi tano au sita polepole. Mwombe muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza. Ni kifaa cha bure, na kinafanya kazi.

Mtoto anayepumua mbio, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mama Lucy Kibaki, kwenye Barabara ya Kangundo, ndiyo hospitali kubwa ya umma iliyo karibu na wengi wetu.

Kikohozi kikipita wiki mbili, usiutupie moshi lawama. Kapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya umma vipimo na dawa zake havilipishwi, na mgeni asione haya kwenda. Mitaa iliyobanana hueneza ugonjwa huu kwa urahisi, na unatibika.

12. Soma hewa kwenye simu

AirQo, mradi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, una programu ya simu inayoonyesha PM2.5 katika miji kadhaa ya Afrika, Nairobi ikiwemo. Shirika la Afya Duniani lilipunguza viwango vyake mwaka 2021: wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15, na wa mwaka usizidi 5. Tafuta kipimo kilicho karibu nawe zaidi. Namba ya Gigiri haikuelezi chochote kuhusu Kayole. Pale pasipo na kipimo, macho na pua vinatosha kuamua kama watoto wacheze nje sasa au wangoje.

Ukiwa na akiba, mashine ya kuchuja hewa yenye kichujio cha HEPA iwekwe chumba cha kulala tu, mlango ukiwa umefungwa. Maua ya kopo ni mapambo mazuri, lakini hayachuji moshi.

13. Zungumza na majirani, kisha andika

Mgeni huogopa kusema, na naelewa kwa nini. Lakini hewa ya ploti ni yenu nyote, na jirani aliyezaliwa Umoja anakohoa kama wewe.

Usianze kwa kumgombeza anayechoma taka. Msalimie, muulize gari la taka lilikuja lini mara ya mwisho. Mara nyingi atakwambia halijaonekana wiki nzima, na hapo mna tatizo moja la kutatua pamoja. Mitaa mingi ina kikundi cha vijana wanaozoa taka kwa ada ndogo ya mwezi. Ploti ikilipa kwa pamoja na kwa wakati, wanakuja. Tenganisha mabaki ya chakula na plastiki, kwa sababu sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka hivyo, na plastiki safi ina mnunuzi. Wanaookota taka wanaishi kwa kazi hiyo. Waite kwa majina yao, si kwa matusi ya mtaani. Huko Dandora, vijana wa Dandora Transformation League walianza na ua mmoja, wakausafisha na kupanda miti, kisha wakashindanisha nyua nyingine zifanye vivyo hivyo.

Moshi wa karakana au wa jaa hauishi kwa mazungumzo. Huo uandikieni mamlaka ya mazingira, NEMA, na ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yenu, nakala kwa mwakilishi wa wadi. Sheria ya mazingira inawapa haki ya kulalamika. Andika mahali penyewe, siku na saa, kinachochomwa, na walioumwa ni wa umri gani. Ambatisha picha zilizopigwa siku tofauti. Kusanyeni sahihi za ploti nzima, wenyeji na wageni, ili barua isiwe ya mtu mmoja anayeweza kutishwa na mwenye nyumba. Mnapoipeleka, bebeni nakala mbili, na msiondoke kaunta kabla ile ya pili haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.